Narudi Turkana wiki 3: nywele zangu nizipeleke vipi zisikatike tena?

Fundi_Nyalenda

Hamjambo. Naomba ushauri kwa wanaojua, na nitaeleza kirefu kidogo ili nisije nikajibiwa "paka mafuta" tu.

Mimi ni fundi wa friji za chanjo, zile za sola. Nakaa Nyalenda, Kisumu, lakini kazi hunipeleka Lodwar na vijiji vyake kila baada ya miezi michache. Nywele zangu ni za kipilipili, huu ni mwaka wa nne tangu niache dawa ya kulainisha nywele. Ukizivuta zinagusa mabega. Nazipenda sana na nimezihangaikia.

Safari iliyopita nilisukwa usiku wa kuamkia safari. Matuta membamba, yamekazwa mpaka nyusi zikapanda. Msusi akaniambia yakikazwa ndiyo yatadumu. Sikupata usingizi. Kufika Kakamega sikuweza kuegemeza kichwa kwenye kiti cha matatu, na Kitale nikameza dawa ya maumivu. Siku ya tatu vipele vyenye usaha vikatokea mstari wote wa mbele, pale nywele zinapoanzia. Nikavumilia siku 16 hivyo hivyo, na helmeti ya boda juu yake kila asubuhi.

Siku ya kufumua nilikuwa nimeketi mlangoni kwangu. Tuta la juu ya sikio la kushoto lilitoka lote mkononi, kila unywele una kile kitone cheupe cha kwenye mzizi. Nililishika tu, sikujua niliweke wapi. Mpaka leo hapo pana upara wa vidole viwili, ingawa vinyweleo laini vimeanza kuchomoza.

Jumanne natoka tena. Nisuke nini? Na maji nifanyeje? Kisima tulichokuwa tunatumia kina maji ya chumvi, shampuu haitoi povu, na nywele zikikauka zinakuwa kama katani. Halafu ile glisirini na maji ninayojipulizia hapa Kisumu na kunipendeza, kule ilinasa vumbi mpaka leso ikageuka rangi.

Mwalimu_wa_Mumias

Pole sana dada. Mimi nafundisha huku Lodwar mwaka wa sita sasa, nywele zangu ni asili pia.

Kwanza visima havifanani. Kuna vyenye maji mazuri tu na kuna vya chumvi, wakati mwingine mtaa na mtaa. Ukifika, chukua maji kwenye beseni usugue sabuni ya kipande. Povu likikataa na ukaona utando mweupe unaelea, hayo usiyaache yakaukie kichwani. Osha nayo ukilazimika, lakini suuza mara ya mwisho kwa maji ya kunywa. Lita 2 zinatosha ukimimina polepole kwa kikombe. Mimi kabla ya hapo huchanganya siki, vijiko 2 kwa lita 1 ya maji, namimina, nangoja kidogo, ndipo nasuuza. Ule ugumu wa katani unapungua kabisa. Usitie siki penye vidonda lakini, itakuchoma.

Kwa wiki 3 osha mara moja tu, katikati. Glisirini iache Kisumu. Hewa ya huku ni kavu, haina unyevu wa ziwa, utabaki na kitu cha kunata kichwani na vumbi lote la Lokichar juu yake.

Na siagi ya shea usiibebe kwenye kopo la kusukuma kifuniko. Kwa joto hili inayeyuka yote. Mimi ilinimwagikia kwenye sare ya kazi.

Msusi_FreeArea

Mwanangu, nimesuka hapa Nakuru miaka zaidi ya 20 na habari ya vipele imeniuma. Soma polepole.

Msuko unaouma umekosewa. Hakuna cha "utazoea". Vipele vile ni mzizi unalia kwa kuvutwa. Siku ile ya tatu ulipaswa kufumua, hata kama ni usiku na mko nyikani, hata kama umelipa pesa nyingi. Bahati yako vinyweleo vimerudi, maana yake mzizi haujafa. Ila paangalie: ngozi ikianza kuwa laini na kung'aa bila kitu, nenda kwa daktari wa ngozi mapema. Mzizi ukishageuka kovu hauoti tena, na hakuna mafuta ya kuurudisha, hata wanaouza wakuapie.

Sasa safari. Usisuke matuta, na usiongeze nywele za bandia kabisa, uzito wake ndio unaovuta. Sokota twisti, yaani mafungu mawili yanayozungushiana, za nywele zako mwenyewe, nene kama kidole cha mwisho, zisizidi 20. Pale juu ya sikio penye upara usipaguse, acha nje kama palivyo, hata kama hapapendezi. Na sokota Jumamosi, si Jumatatu usiku. Kama kuna inayovuta utaisikia Jumapili ukiwa bado nyumbani na kioo na muda.

Kabla ya kusokota, osha vizuri, tia kondishena nyingi, chambua mafundo kwa vidole kwanza, halafu kitana cha meno mapana kutoka ncha kwenda juu. Nywele mbichi huvutika na kukatika upesi, ndiyo maana usizichane zikiwa na maji matupu. Zikiwa bado na unyevu, paka krimu, kisha mafuta juu. Mpangilio huo usiugeuze. Mafuta hayana maji ndani yake, kazi yake ni kuzuia maji yasitoke. Ukiyapaka kwenye nywele kavu umefungia ukavu. Na sisi nywele zetu zimejikunja, mafuta ya ngozi ya kichwa hayateremki mpaka nchani, kwa hiyo ncha ndizo za kutazamwa zaidi. Wengi wanapaka utosini tu!

Helmeti: laza twisti zote chini, usifunge fundo kisogoni. Vaa kitambaa cha satini ndani yake, ubebe viwili, kimoja kikifuliwa kingine kipo. Helmeti ya abiria huvaliwa na kila mtu, kwa hiyo hicho kitambaa kinakukinga na mengi. Usiku lala na kingine kikavu.

Dereva_Malaba

Dada, mimi ni mwanamume mwenye dredi, naendesha trela Malaba hadi Mombasa. Nakubaliana na msusi kuhusu msuguano. Kisogo changu kilikatika kwa miaka miwili na nikadhani ni ugonjwa, kumbe ni kitambaa cha kiti. Siku hizi natandika kipande cha satini pale kichwa kinapoegemea. Kwenye matatu utaegemea saa nyingi, fanya hivyo.

Mafuta ya nazi ni mazuri ila yanafuata hali ya hewa. Timboroa yanaganda meupe kwenye chupa, nikishuka Mariakani ni maji. Funga vizuri na usilaze chupa.

Fundi_Nyalenda

Asanteni, nimesoma mara mbili. Msusi, samahani nikuulize: nyanya yangu Siaya alikuwa anatufunga kwa uzi mweusi, nywele zinasimama kama vijiti, na hazikuwa zinakatika. Naweza kutumia huo badala ya twisti?

Msusi_FreeArea

Nyanya alijua kazi yake. Uzi hunyoosha bila moto na hufunika nywele mpaka karibu na ncha. Lakini vijiti na helmeti haviendi pamoja, vitapinda na kukatikia pale pale vilipopinda. Funga uzi ukirudi, na pale chini mzizini usikaze.

Fundi_Nyalenda

Jumapili usiku. Nimeosha jana, dada yangu amenisokota, twisti 17. Kila moja nilikuwa namwambia legeza, mpaka akachoka na mimi. Leo mchana moja nyuma ya sikio ilikuwa inavuta nikigeuza shingo, nikaifumua na kuisokota upya, ikatulia. Nimelala nayo saa moja, hakuna maumivu. Upande wa kushoto nimeacha wazi kama ulivyoniambia, mama.

Nimepitia Kibuye asubuhi nikapata satini, mita moja, nimeikata vipande vitatu: kichwa, helmeti, kiti. Siki ipo, chupa ndogo. Shea nimeihamishia kwenye kopo la kuzungusha kifuniko na kulifunga ndani ya mfuko. Maji ya kunywa nitanunua nikifika.

Nimevaa helmeti yangu hapa sebuleni nusu saa nione inagusa wapi. Inabana juu ya sikio la kulia, twisti mbili. Kesho nitazielekeza nyuma, halafu niivae tena kabla ya kufunga begi.