Naombeni ushauri: nitawafundishaje wanafunzi kuwaenzi waliokufa MV Bukoba kwa kazi bila wao kuona wanapewa adhabu?

Ticha Nyakato

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni mwalimu wa Historia sekondari hapa Mwanza. Tarehe 21 mwezi wa 5 2026 inatimia miaka 30 tangu MV Bukoba, ile meli ya abiria ya Ziwa Victoria, izame, na inaangukia Alhamisi, siku ya shule. Miaka yote sisi tunasimama mstarini dakika moja, mkuu anaongea kidogo, watoto wanaingia darasani, imeisha. Safari hii nikaomba tufanye kitu cha mikono, nikakabidhiwa kidato cha pili, watoto kama 90 hivi.

Wiki iliyopita nikachukua 20 wa kuanzia nikawapeleka Igoma kwenye makaburi ya wale ndugu zetu, tufyeke nyasi tufagie. Tumefika tu binti mmoja akaniuliza, "Madam, kwani tumekosa nini?" Aliuliza kabisa anataka kujua, na nilikosa jibu wakuu, roho iliniuma mpaka usiku sikulala vizuri. Maana ni kweli, shuleni ukichelewa unafyeka, ukipiga kelele unafagia, usipofanya homuweki unamwagilia maua, sasa fyekeo lile lile leo namwambia ni la heshima ataelewaje?

Na hawa wamezaliwa 2010, 2011. Mimi nilikuwa darasa la tatu, nakumbuka redio inatangaza siku 3 za maombolezo na watu wazima wanalia barabarani. Wao kwao ni swali la mtihani tu. Naombeni mawazo, hasa nyie mliofiwa.

Mjukuu wa Kemondo

Mwalimu asante kwa kuwakumbuka watu wetu. Baba yangu mdogo alipandia bandari ya Kemondo, kule Bukoba, usiku ule wa kuamkia tarehe 21, anapeleka ndizi Mwanza kama kawaida yake. Hatukumpata mpaka leo. Nyumbani walipiga msiba bila mwili, na kwa sisi Wahaya unajua kaburi linakaa kibanjani, watu wanaliona kila siku wakienda kukata ndizi, kwake hakuna. Labda ni mmoja wa wale waliozikwa hapo Igoma bila kutambuliwa, labda alibaki majini.

Kilichotuumiza zaidi ni orodha. Meli ilikuwa ya abiria 430, daraja la kwanza na la pili peke yake waliandikwa 443, daraja la tatu hawakuandikwa kabisa, na huko ndiko alikokuwa baba mdogo na wenzake wa mizigo. Ndio maana mpaka leo watu wanasema 800, wengine wanasema 1,000, hakuna mwenye hesabu.

Ushauri wangu: usiwape fyekeo kwanza. Mlete mtu mmoja aliyefiwa akae nao darasani, asihutubie, awaambie tu huyo mtu alikuwa nani, alipenda kula nini, alikuwa anakwenda kufanya nini Mwanza. Mtoto akishamjua mtu hawezi kuuliza amekosa nini, atajua anamfyekea nani.

Fundi Mabatini

Mimi napingana kidogo. Makaburi yafyekwe sawa, ila ukiishia hapo umewafundisha usafi tu. Wale watu hawakufa kwa sababu ya nyasi. Meli ilijaa kupita kiasi na tangu mwanzo ilikuwa na matatizo ya kukaa sawa majini, ikapinduka Mwanza wanaiona, halafu waliokuwa hai ndani wakawa wanagonga bodi, ikatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, ikazama jumla. Mtoto akiyajua hayo ndio umuulize yeye tufanye nini, usimpangie.

Ukara2018

Fundi umesema ukweli mtupu. Mimi ni wa Ukerewe. Tulidhani Bukoba imetufundisha, tarehe 20 mwezi wa 9 2018 MV Nyerere ikapinduka ikitokea Bugolora, siku ya gulio, imebaki kidogo tu ifike Ukara. Kivuko cha watu 101, tukazika 228. Waliofika wa kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, hawakungoja kuitwa na mtu.

Mwalimu wapeleke hao watoto kwenye vivuko, Kamanga pale mfano, kwa ruhusa ya wenye kivuko. Wajifunze kwanza kuvaa jaketi la kuokolea na kufunga mikanda yake vizuri, halafu wawasaidie abiria, hasa kina mama wenye watoto mgongoni. Watu wengi wanapanda kila siku na hawajawahi kulishika hata mara moja. Wakifika nyumbani wamfundishe na bibi. Hiyo hakuna mtoto ataiita adhabu.

Kijana wa Kayole

Niko Nairobi, wacha niongeze tu moja. Baada ya bomu ya ubalozi wa Marekani hapa, 7 Agosti 1998, watu walipanga laini kutoa damu, na ni baada ya hapo ndio Kenya ikapata huduma ya kitaifa ya damu salama. Kwa hivyo damu pia ni njia ya kukumbuka, mwalimu fikiria hiyo.

Ticha Nyakato

Asante sana kaka wa Kayole, ila damu huku ni kuanzia miaka 18, na form six wangu mwezi wa 5 wako kwenye mtihani wa taifa. Labda watoto wawaandikie wazazi barua wakatoe wao. Hiyo naichukua.

Mama Wawili

Naongea kama mzazi. Moja, tuleteeni fomu za ruhusa mapema na mtuambie mnawaonyesha nini, zile picha za maiti zinazozunguka kwenye magrupu msiwaonyeshe watoto tafadhali. Pili, mwalimu samahani nakuuliza kwa heshima, siku ile Igoma wewe ulishika fyekeo?

Ticha Nyakato

Hapana mama. Nilisimama kivulini na daftari la mahudhurio. Nimekuelewa.

Wakuu nimesoma zote, nimeongea na mkuu wa shule leo asubuhi. Kuanzia sasa hakuna adhabu ya kufyeka kwa kidato cha pili, nimeliomba hilo na amekubali, nitatafuta njia nyingine ya kuwaadabisha. Igoma tunarudi tukishapata kibali cha ofisi ya kata, na walimu wote wa darasa tunafyeka. Kivukoni nitaandika barua wiki hii, watoto wataenda kwa makundi ya kumi kumi, na kila Jumamosi mpaka mwezi wa 11 sio siku moja. Na yule binti aliyeniuliza nimempa yeye ndio aandae maswali ya kumuuliza mgeni wetu. Mjukuu wa Kemondo, mgeni sijampata bado, unamjua mtu?

Mjukuu wa Kemondo

Mama mdogo, mke wa marehemu, anaishi Buzuruga kwa binti yake. Nimempigia sasa hivi. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika, halafu akasema atakuja. Ameomba tu watoto wawili wamshike mkono wakienda Igoma kwa sababu magoti yanamsumbua, hajafika pale miaka mingi. Nakutumia namba inbox mwalimu.