Saratani kali ya tezi ya shingo: majaribio ya dawa mseto yaje Mbeya au tusubiri?

Mkulima_Uyole: Wakuu, poleni na baridi. Shangazi yangu wa Rungwe aliishi na rovu miaka zaidi ya ishirini. Nani angeshtuka? Huku kwetu wazee wengi wanalo, tangu enzi za chumvi isiyo na madini joto. Ghafla likaumuka ndani ya wiki chache, sauti ikakauka, uji ukawa unamkwama. Kumbe ni saratani ya anaplastiki, ile kali kuliko zote za tezi ya shingo. Ni adimu, ila wengi hawamalizi miezi sita. Tulimzika kabla majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kupimwa hayajatoka.

Mwaka 2018 Marekani iliruhusu dawa mbili za vidonge, dabrafenibu na trametinibu, zitumike pamoja kwa wenye saratani hii yenye mabadiliko ya jeni yaitwayo BRAF V600E. Ni kama TB tu, hakuna anayetibiwa kwa dawa moja: ukiziba njia moja, seli zinapita nyingine. Utafiti ulikuwa na wagonjwa 36, na uvimbe ulinywea kwa zaidi ya nusu yao. Mbeya tumeshashiriki hata majaribio ya chanjo ya UKIMWI. Jaribio la dawa hizi nalo lije.

Mwl_Mafinga: Watu 36, tena bila kundi la kulinganisha? Hapo mimi nasita. Wasitufanye panya.

Nesi_Nyanda: Mwalimu, uvimbe huu haunywei wenyewe. Ukinywea, dawa imefanya kazi. Na kumpangia mtu kidonge kisicho na dawa, cha kulinganishia tu, wakati ana miezi mitatu ya kuishi, wewe ungekubali kwa mama yako?

Mkulima, pole kwa shangazi. Ninachogomba ni kingine. Vidonge hivyo vinamezwa kila siku. Watafiti wakifunga mabegi, nani ananunua? Halafu si kila mgonjwa ana hiyo BRAF, lazima kinyama kipimwe kwanza. Shangazi yako hata jaribio lingekuwepo asingeliwahi.

Mkulima_Uyole: La vidonge nakubali, dada. Iandikwe kwenye fomu ya ridhaa: anayepata nafuu aendelee kupewa hata utafiti ukiisha. NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba) na TMDA (mamlaka ya dawa) wasipitishe bila hilo. Lakini tukingoja maabara zikamilike ndipo tukaribishe watafiti, tutangoja mpaka wajukuu. Mara nyingi vifaa vinakuja na utafiti wenyewe.

Hebu niambie, hapo kwenu kinyama kikikatwa leo kinafika maabara lini?

Nesi_Nyanda: Kikiwahi gari la Jumatano, wiki hiyo hiyo. Kikichelewa, kinasubiri Jumatano nyingine.