Mjadala: Iliki chini ya msitu wa Amani, iruhusiwe au iondolewe kabisa?

Mleta mada: Wakuu, kuhusu iliki ndani ya msitu wa hifadhi wa Amani, Usambara Mashariki mkoani Tanga, hoja hii haiishi: iliki inataka kivuli, mkulima haangushi msitu, kwa nini afukuzwe? Mimi nasema iondolewe. Kivuli unachokiona kwa mbali ni cha miti mizee. Inama utazame chini. Shamba la iliki lazima lipaliliwe, na panga halichagui: mche wa mnyasa au msambu, miti mikubwa ya asili ya msitu huu, unaofika magotini unakwenda pamoja na magugu. Siku mnyasa mkubwa ukianguka, hauna mrithi. Pengo linachukuliwa na mesopsisi, mti ulioletwa Amani enzi za Wajerumani. Hondohondo hula matunda yake na kusambaza mbegu, nazo huota upesi penye mwanga. Na iliki yenyewe huchosha udongo. Mavuno yakishuka, miti iliyobaki inakatwa ili ipandwe migomba na mihogo, kisha mkulima anasogea mbele.

Kivuli: Mkuu, la panga nakubaliana nawe. Ila Derema, msitu wa jirani na Amani, wakulima walizuiwa iliki zao mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kupatikane ushoroba wa kuunganisha misitu, na fidia ikachelewa miaka. Hiyo ni dhuluma, tusiipambe. Na anayetaka kuwapa wakulima zao mbadala wa iliki, aangalie mzigo: kilo 5 za iliki mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu, mtu anaibeba begani hadi barabarani. Jaribu kushusha mahindi ya thamani hiyo hiyo kwenye mteremko ule wakati wa masika!

Bonde la Zigi: Mmesahau kukausha. Mvua ikishika, iliki hukaushwa kwa moto, na kuni zinatoka humo humo msituni. Mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, Tanga wanakunywa hapo. Mteremko ukibaki wazi, tope linaishia bwawani. Iliki ihamie mashambani, chini ya miti ya kivuli kama migrevilea na mikarafuu, mashina yapishane mita 2 hadi 3, pilipili manga ipande kwenye miti hiyo hiyo. Lakini iliki huanza kuzaa vizuri mwaka wa 3. Ukifunga msitu leo, mtu atakula nini hadi hapo?

Kivuli: Hapo sawa. Msambu nao usiachwe, mbegu zake zina soko la mafuta. Tatizo ni kwamba kuna miti dume na miti jike, na mche wa mbegu hujui utakuwa upi hadi utoe maua, miaka mingi baadaye. Anayetaka mbegu abebeshe miche, yaani aiunganishe na vikonyo vya mti jike, na aache madume machache kwa uchavushaji.

Mleta mada: Miaka 3 ya mpito, hadi iliki ya shambani ianze kuzaa, naikubali kwa masharti: hakuna shina jipya la iliki ndani ya hifadhi, miche ya asili iwekewe vijiti vya alama kabla ya palizi ili panga liikwepe, na fidia ilipwe kabla ya mtu kuambiwa ahame.