Picha na tamthilia za Mafia: ipi inakaa juu, na mgeni aanze na ipi?

Mzee wa Kochi

Wakuu, hili swali haliishi humu, na mara nyingi majibu yanakuwa majina matupu. Leo naweka mpangilio pamoja na sababu. Anayepinga aje na hoja. Asiyetaka kujua nani anakufa asiendelee kusoma, maana huwezi kulinganisha picha hizi bila kugusa miisho yake.

Mipaka kwanza. Mafia ninayoizungumzia ni Cosa Nostra ya Sicily na ya Marekani, Camorra ya Napoli na 'Ndrangheta ya Calabria. Kwa hiyo Scarface ya 1983 haimo, Tony Montana ni Mcuba muuza unga wa Miami. Narcos ni ya wauza unga wa Kolombia, nayo haimo. Peaky Blinders ni genge la Birmingham, nayo haimo hata kama suti zao zinapendeza.

Kipimo changu kikubwa ni hela: inaingiaje, inapanda vipi hadi kwa bosi, na anayekamuliwa ni nani. Kwa kipimo hicho namba moja ni Goodfellas ya Martin Scorsese, 1990. Tazameni kipande cha Bamboo Lounge. Mwenye mgahawa amechoka kunyanyaswa na Tommy, jambazi wa genge, anakwenda kumbembeleza bosi wao Paulie awe mbia wake apate ulinzi. Paulie anakubali. Tangu hapo kila wiki hela ya Paulie lazima itoke, biashara iwe nzuri au mbaya. Kisha genge linaagiza mizigo kwa mkopo kwa jina la mgahawa. Inaingia mlango wa mbele, inatokea wa nyuma. Kreti ya pombe ya dola 200 inauzwa dola 100, na bado ni faida tupu kwa kuwa hakuna atakayeilipia. Mkopo ukikauka, wanachoma jengo. Dakika chache tu, na umeelewa kwa nini aliyemkaribisha Mafia kama mbia hatoki salama.

Namba mbili The Godfather Part II (1974). Tatu The Sopranos (1999 hadi 2007). Nne The Godfather (1972). Tano Casino (1995), hasa saa ya kwanza, inapofuata hela kutoka chumba cha kuhesabia Las Vegas hadi kwenye sanduku la mjumbe anayewapelekea wazee wa Kansas City. Ndoa ya Sam, msimamizi wa kasino, na Ginger inapokamata hadithi, mashine ile ya hela inasahaulika, ndiyo maana haipandi juu zaidi. Sita Donnie Brasco (1997). Saba Boardwalk Empire (2010 hadi 2014). Nane The Irishman (2019), ambayo ingepanda kama si ule ufundi wa kompyuta wa kuwarudisha waigizaji wazee ujanani. Frank, mhusika mkuu, anapompiga mwenye duka mbele ya binti yake, uso ni wa kijana, lakini miguu na mabega ni ya mtu wa miaka zaidi ya 70.

Binti Pangani

Mzee wa Kochi, heshima yako, ila kuiweka The Godfather namba nne kwa kigezo cha hela ni kupima kitambaa kwa mizani. Uchumi wa Vito Corleone, yule Don, bosi wa familia, unaendeshwa kwa fadhila. Bonasera, mwenye nyumba ya mazishi, anaomba waliompiga binti yake waadhibiwe, kisha anauliza alipe kiasi gani. Don anaona ametukanwa. Akichukua hela, biashara inaishia pale. Asipochukua, yule mtu ni wake. Deni linalipwa baadaye, Sonny, mwana wa Don, anapomiminiwa risasi kwenye kituo cha ushuru wa barabara. Don anampelekea Bonasera maiti aitengeneze, mama asimwone mwanawe vile alivyo.

Tazama pia meza ya mgahawa, Michael, mwana mwingine wa Don, akiwa na Sollozzo, muuza unga adui wa familia, na kapteni McCluskey wa polisi. Sollozzo anahamia Kiitaliano na chini hakuna tafsiri. Wengi wanadhani faili lao lina hitilafu. Halina, mwongozaji Francis Ford Coppola aliacha hivyo kwa makusudi, usome uso wa Michael badala ya maandishi. Macho ya Al Pacino, anayemwigiza Michael, yanahangaika huku na huku, na mlio wa treni unapanda hadi unakwaruza masikio, ilhali treni yenyewe haionekani. Sauti ile ni kazi ya fundi sauti Walter Murch. Ndicho kichwa cha Michael kinavyosikika sekunde chache kabla ya risasi.

Hiyo ndiyo sababu picha hii haifai kabisa kutafsiriwa na msimuliaji wa kibandani. Picha za ngumi zinabeba maelezo juu ya maelezo. Hii nguvu yake iko kwenye ukimya, na msimuliaji hawezi kukaa kimya.

Kwangu Part II na ya kwanza ni kitu kimoja, ziko juu. Marlon Brando na Robert De Niro wote walipata Oscar kwa mhusika yuleyule, Vito, mmoja akiwa mzee na mwingine kijana.

Fundi Projekta

Kabla ya kubishana nani namba moja, hakikisheni mnaangalia toleo sahihi. Hapa ndipo watu wengi wanaikosea picha halafu wanaisema vibaya.

Once Upon a Time in America ya Sergio Leone (1984) inatajwa sana humu, ingawa magenge yake ni ya Wayahudi wa New York. Kuna toleo la dakika 139 lililokatwa kwa ajili ya kumbi za Marekani na kupangwa upya kwa mfuatano wa miaka. Likimbieni. Hadithi ile imejengwa kwa kumbukumbu za mzee zinazorukaruka kati ya vipindi. Ukizinyoosha, hakuna siri inayobaki. Tafuteni la dakika 229 au lililorefushwa la 251.

The Godfather Part II: sehemu za Vito kijana zimezungumzwa zaidi kwa Kisicily. Mafaili mengi yanayozunguka kwenye flashi hayana maandishi ya sehemu hizo, mtu anakaa muda mrefu haelewi kitu, kisha anasema picha inachosha. Dalili ni hii: kama Vito anaongea na Fanucci, mbabe wa mtaa, na hakuna maandishi chini, faili lako lina upungufu. Pale mgahawani kwenye ya kwanza ukimya wa maandishi ni sahihi, huku si sahihi.

The Godfather ya tatu ya 1990 ilihaririwa upya na Coppola mwenyewe mwaka 2020 kwa jina la Coda: The Death of Michael Corleone. Chagueni hiyo. Inaanza moja kwa moja na Michael na askofu mkuu wakijadiliana hela ya Vatican, na kila kinachofuata kinaeleweka kutokana na dili lile. Haiwi bora kama mbili za kwanza, ila inasimama.

Na televisheni: zimeni ile mipangilio ya rangi kali na ya kulainisha mwendo. Mpiga picha Gordon Willis alimulika vyumba vya Corleone kwa taa za juu hadi macho ya Brando yamezama gizani. Mpangilio wa rangi kali unageuza giza lile kuwa kijivu. Kwa simu mchana juani msijisumbue.

Dada Upanga

The Sopranos namba moja, na ninatumia kipimo chako mwenyewe, Mzee wa Kochi.

Bamboo Lounge umeisifu, na unastahili kuisifu. Lakini mwenye mgahawa yule humjui, anapita tu. Msimu wa 2 wa The Sopranos unafanya ujanja uleule kwa Davey Scatino, mwenye duka la vifaa vya michezo, mtu aliyesoma na Tony Soprano, bosi wa genge. Davey ni mraibu wa kamari. Anang'ang'ania kuingia kwenye mchezo wa wakubwa, anaondoka na deni la "masanduku 45 ya ziti" (aina ya tambi), yaani dola 45,000. Gari la mwanawe linachukuliwa na kupewa binti wa Tony. Kisha duka linakamuliwa kwa mkopo wa wauzaji wa jumla mpaka linakufa. Unakaa na familia ile ukiiona inaporomoka kidogokidogo. Picha ya saa mbili na nusu haina nafasi ya kufanya hivyo.

Tena mtunzi wake David Chase anaonyesha bahasha za hela zinavyopanda: mwanagenge wa chini anamletea kapteni, mkuu wa kikosi chake, kapteni anampelekea bosi, na ugomvi mwingi unaanzia pale bahasha ilipopungua unene.

Kwa mgeni: ziko sehemu 86. Usihukumu kabla ya kuangalia sehemu ya 5 ya msimu wa kwanza, ile ya safari ya vyuo. Tony anampeleka binti yake kutazama vyuo huko Maine, anakutana na msaliti aliyefichwa na serikali, anamnyonga kwa mikono yake mchana kweupe, kisha anaendelea na safari ya mtoto. Kama umezoea steringi kuwa mtu mwema, hapo ndipo utajua kama tamthilia hii ni yako. Usiruke sehemu za kwa Melfi, daktari wa akili wa Tony, ukidhani ni maneno mengi. Anayoyaficha mle chumbani ndiyo anayoyafanya nje.

Mwisho wa ghafla wa 2007, skrini nyeusi, si kasoro ya faili.

Kijana wa Nyamagana

Wakubwa, naomba niitetee Donnie Brasco, namba sita ni dhuluma. Picha nyingi zinaonyesha Mafia wenye hela. Hii inaonyesha wa chini kabisa. Kuna tukio wanaume wazima wako chini ya jengo wanavunja mita za maegesho kwa nyundo wapate sarafu, kwa sababu kapteni anadai chake kila mwezi. Lefty wa Al Pacino ameua watu wengi kwa ajili ya genge na bado anaangalia wengine wakipandishwa cheo.

Pia ndiyo inayoeleza utambulisho vizuri: ukimtambulisha mtu kama "rafiki yangu" ni mtu wa kawaida, ukisema "rafiki yetu" amekula kiapo. Na anayemdhamini mgeni akigundulika kuwa polisi, roho inayotoka ni ya mdhamini. Hofu yote ya picha imesimama juu ya sheria hiyo moja, na Joseph Pistone, wakala wa FBI aliyejiita Donnie Brasco, aliishi ndani ya genge la kweli kwa miaka sita.

Msomaji wa Magazeti

Orodha zenu zote ni za Marekani. Mafia ina kwao.

Il traditore ya Marco Bellocchio (2019) iwe tatu bora. Inamfuata Tommaso Buscetta, aliyerudishwa kutoka Brazil mwaka 1984 na kumfungulia hakimu Giovanni Falcone siri za Cosa Nostra. Kesi kubwa ya Palermo ilianza 1986 na washtakiwa zaidi ya 400, na picha inakuweka ndani ya ukumbi ule: vizimba ukutani, watu wanapiga kelele, mmoja anavua nguo, mwingine anajishona mdomo. Mei 1992 Falcone alilipuliwa barabarani Capaci, na picha inaonyesha mlipuko ukiwa ndani ya gari.

Gomorra, tamthilia ya 2014 hadi 2021, ni misimu 5, sehemu 58. Hakuna harusi wala opera. Ni majengo ya Scampia, mtaa wa Napoli, unga unauzwa kwa zamu kama kiwandani, na watoto ndio walinzi. Angalieni kwa sauti ya asili. Wahusika wanaongea lahaja ya Napoli, ambayo hata Waitaliano wengine huiwekea maandishi; sauti ya Kiingereza iliyopachikwa inaua kila kitu.

Mzee wa Kochi

Nimesoma zote. Dada Upanga, hoja ya Scatino imenishinda: The Sopranos inapanda namba moja, Goodfellas mbili. Donnie Brasco inapita Casino. Il traditore inaingia namba tano. Binti Pangani, The Godfather mbili za kwanza nazihesabu moja, namba tatu, na hapo sibadilishi.

Kijana wa Nyamagana

Msomaji, swali. Gomorra nikimaliza msimu wa 4 naingia moja kwa moja wa 5?

Msomaji wa Magazeti

Hapana. Kati yake kuna picha ya 2019, L'immortale, iliyoongozwa na Marco D'Amore mwenyewe anayeigiza Ciro, mmoja wa wahusika wakuu. Mwisho wa msimu wa 3 Ciro anapigwa risasi na kutoswa baharini. Msimu wa 4 hayupo. Picha hiyo inaeleza yuko wapi na utoto wake ulikuwaje, na msimu wa 5 unaanzia pale inapoishia. Ukiiruka utadhani umepakua sehemu isiyo yenyewe. Kwa ubora wa kawaida tenga takriban GB 1 kwa saa, mara tatu yake kwa ubora wa juu, na washa maandishi kabla ya kupakua, maana programu nyingine haziyachukui ukishakuwa nje ya mtandao.