Yule fundi wa matangi ya samaki hapa Chuga leo kanimwagia mfuko mzima!

Mzee wa Tangi (mleta uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, makosa ya herufi mnisamehe. Yule jamaa mnamjua, simtaji. Yule wa pikipiki nyekundu na kofia isiyovuliwa hata msibani, mtaalamu wa bahari ambaye yeye na bahari wamekutana kwenye kalenda. Kama uko Arusha na una samaki ndani ya kioo, ameshakutia hasara. Kama bado, jiandae.

Leo saa nne asubuhi matumbawe yangu, viumbe hai wa baharini, yamefika. Vipande saba, nimevisubiri tangu Pasaka. Yamepanda ndege mbili mpaka KIA, siku mbili gizani ndani ya mifuko, yamechoka kuliko abiria wa basi la Mbeya. Na baridi hii ya Julai, mifuko ilikuwa kama imetoka kwenye friji, wakati tangi langu liko nyuzi 25. Nikamwita jamaa kwa sababu tangi lenyewe yeye ndiye aliyelifunga. Nikamwambia, chonde, tuiache kwanza mifuko ielee juu ya maji dakika 20 joto lilingane. Akanijibu, "Usijali bosi, kazi ndogo hiyo."

Nikaenda jikoni kufuata glavu. JIKONI. Hatua sita. Nasikia chwaaa.

Narudi, mfuko mtupu uko mkononi mwake, fundo kalikata kwa meno, kipande cha nailoni bado kimening'inia mdomoni. Kamwaga tumbawe, maji ya mfuko, uchafu wa siku mbili, vyote ndani ya tangi la lita 300 nililolilea miaka miwili. Namwangalia, ananiangalia. Anajifuta mikono kwenye pazia la mke wangu, kisha anasema: "Bosi mbona umeshtuka, haya si mawe tu?"

MAWE TU.

Mawe gani yamepanda ndege mbili wakati mimi sijapanda hata moja?

Halafu kaliweka juu kabisa chini ya taa, eti lipate jua! Kitu kimetoka gizani siku mbili! Ni lile tumbawe lenye ncha zilizopinda kama nyundo. Sasa hivi limejifunga kama duka la Mangi siku ya Krismasi, na linatema nyuzinyuzi za kahawia. Haya si mawe tu. Jamani. Haya si mawe tu!

Chalii wa Sakina

Nimesoma mpaka kwenye pazia nikashindwa kuendelea 😂😂 Tupia picha ya pazia.

Mwana wa Kibo

Watu wa Arusha bwana. Maji ya kuoga mnayasubiri kwa ndoo, halafu mnafuga bahari sebuleni.

Mzee wa Tangi

Mkuu, maji ya bomba siyatumii kabisa. Kwa floraidi ya huku? Nachuja kwanza kwenye mashine, ndipo naweka chumvi ya bahari gramu 35 kwa lita.

Mwana wa Kibo

Kwa hiyo mawe yako yanakunywa maji safi kuliko sisi tuliokulia kule Maji ya Chai na meno ya kahawia ya floraidi hiyo. Umefanya vizuri kutuambia.

Nahodha Mstaafu

Nimezamia Tanga na Mafia miaka mingi, mnisikilize. Mfuko ukifungwa siku mbili hewa ukaa inajaa, pH inashuka (maji yanakuwa na asidi zaidi), na amonia ya uchafu iliyomo inakuwa haina makali sana. Ukishafungua, hewa ukaa inatoka, pH inapanda, amonia inageuka sumu. Ndiyo maana hata wale wanaodondosha matone saa tatu nzima wanajidanganya. Acha mfuko uelee dakika 15 hadi 20, fungua, pima chumvi, changanya maji ya tangi kidogo kidogo kwa kama nusu saa. Kisha liogeshe kwa dawa yake, muda ufuate kibandiko, na lisuuze. Linaloingia tangini ni tumbawe PEKEE, maji ya mfuko yanamwagwa chooni. Na dawa haiui mayai ya wadudu, kwa hiyo mwenye akili anatenga tangi la pembeni kwanza. Taa hafifu, liweke chini, ulipandishe wiki kwa wiki. Hizo nyuzi za kahawia ni vile vimwani, mimea midogo mno inayoishi ndani yake na kulilisha, linavitapika. Vikiisha vyote linapauka, kama miamba yetu ilivyopauka kwa joto la 1998.

Mzee wa Tangi

Mkuu yote hayo nayajua! NILIENDA KUFUATA GLAVU!

Chalii wa Sakina

Glavu za nini kwa mawe?

Nahodha Mstaafu

Kama kuna zoanthidi, jamaa wa matumbawe wenye sumu, kati ya hivyo vipande, ute wake unaweza kuwa na palitoksini, sumu kali mno. Usiguse kwa kidonda, usisugue macho. Huyo aliyetumia meno akasukutue mdomo.

Mzee wa Tangi

Akasukutue? Baada ya kumwaga kala chapati zangu mbili. Mzima kama reli. Sasa hivi kanitumia meseji ananikumbusha hela ya mafuta.

Chalii wa Sakina

Hata sumu imemwogopa.

Afisa Mstaarabu

Matumbawe magumu yako CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, Kiambatisho cha Pili. Vibali vipo au tukutane ofisini?

Mzee wa Tangi

Yamekuzwa shambani Indonesia, karatasi ninazo, ziko kabatini. Turudi kwenye mada. Kanimwagia MFUKO MZIMA.

Mtoto wa Pwani

Huku kwetu watu wamepiga miamba baruti miaka nenda rudi, wewe unalia vipande saba.

Mama Vifaranga

Afadhali wewe umemwagiwa na mtu unayemwona. Mimi Moshi nimeletewa vifaranga 200 kwa basi, konda kaweka boksi juu ya injini. Nafungua, 60 wamelala hawaamki. Namuuliza, ananiambia, "Mama, si walikuwa wanasikia baridi?"

Mwana wa Kibo

Konda huyo namjua! Aliniwekea keki ya kipaimara chini ya gunia la viazi.

Chalii wa Sakina

Mama pole sana. Waliobaki uliwapa maji ya glukosi kabla ya chakula?

Mzee wa Tangi

Wakuu, nyundo imefungua kidogo upande mmoja! Niizime taa yote au niipunguze?

Mama Vifaranga

Niliwapa. Tatizo umeme umekatika tangu jana, nawapasha kwa chungu cha mkaa.

Mwana wa Kibo

Mkaa wa huko gunia bei gani siku hizi? Huku wametuua.