Naombeni ushauri: miaka miwili napima ubongo wa watoto, pepa imetoka jina langu halimo

Dada wa Uru
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Niko Moshi, nina miaka 29, nipo kwenye mradi wa utafiti wa ubongo wa watoto wachanga. Kazi yangu ni kuwavalisha ile kofia ya EEG, inayosoma umeme wa ubongo, yenye vijisponji, unaviloweka kwenye maji ya chumvi na shampuu ya mtoto, unamvalisha taratibu huku mama anamnyonyesha, akianza kulia tu misuli inaingilia rekodi yote inakuwa takataka mnasubiri atulie mnaanza upya. Wamama wengine wanashuka na daladala alfajiri na mvua hizi za mwezi wa nne, mtoto yuko mgongoni kwenye kitenge, mama mwenyewe hata chai hajanywa. Nawajua wote kwa majina, wao na watoto wao.

Sasa wiki iliyopita pepa ya kwanza, yaani makala ya utafiti wetu, imetoka. Waandishi 11, mimi simo, niko chini kule kwenye shukrani. Nilijifungia chooni nikalia. Na hapohapo nimepata kazi Arusha, shirika flani, mshahara karibu mara mbili ila ni kuandika ripoti tu, utafiti hakuna. Mimi nataka PhD ya ukuaji wa ubongo, nimeitaka tangu chuo. Nikimuuliza bosi naogopa ataniona mkorofi, na barua ya kunipendekeza anaiandika yeye. Nifanyeje jamani?

Mangi wa Sakina
Pole sana mdogo wangu. Mimi nakwambia njoo Arusha. Huko kwenye utafiti wanapimana kwa h-indeksi, yaani ukiwa na pepa 5 na kila moja imenukuliwa angalau mara 5 basi yako ni 5, we na shukrani zako ni sifuri. Utakaa hapo mpaka lini wakati ada za wadogo zako zinakusubiri?

Kalamu Nyekundu
Mangi ada ni kweli ila hili la jina lina utaratibu wake. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti manne: uwe umechangia kwenye wazo au kukusanya au kuchambua data, ushiriki kuandika au kuirekebisha pepa, uidhinishe toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kwa hiyo dada kukusanya data peke yake hakutoshi, usiende na hoja hiyo watakugonga nayo. Ila haohao wanasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kwenye kuandika, na wewe nafasi hiyo hukupewa, hapo ndipo pa kusimamia. Usilaumu. Mwandikie imeili fupi, omba kuandika sehemu ya mbinu kwenye pepa inayofuata, na majina yakubaliwe kwa maandishi kabla mtu hajaanza kuandika.

Mwalimu wa Baiolojia
Mangi hiyo h-indeksi imeletwa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch, watu walikuwa wanafanya sayansi kubwa kabla yake. Dada msome Rita Levi-Montalcini, mwanasayansi wa neva wa Italia. Sheria za ubaguzi za Italia za 1938 zilimtoa chuoni kwa sababu ni Myahudi, akafungua maabara chumbani kwake Turin, anapasua viinitete vya kuku kwa sindano za kushonea alizozinoa mwenyewe, vita inaendelea nje. Pepa yake ikamfikia Viktor Hamburger kule St. Louis, Marekani, ambaye ndo kazi zake zilimpa Rita wazo la viinitete. Akamwalika 1947 kwa muhula mmoja, akakaa miaka kama 30, akapata kitu kinachofanya nyuzi za neva zichipue, Nobel 1986 akapewa yeye na mwanakemia aliyefanya naye kazi, Stanley Cohen. Hamburger hakupewa, na watu wamelalamika miaka mingi. Kwa hiyo hilo la jina kuachwa linauma hata huko juu. Ila dada pepa iliyombadilishia maisha ilihitaji msomaji mmoja tu aliyeielewa. We una kitu cha kuandika?

Dada wa Uru
Asanteni sana, mwalimu ninacho. Nina daftari, kila mtoto nimeandika alinyonya saa ngapi, alilala au alikuwa macho, kofia ilikaa dakika ngapi kabla hajaichoka, mwanzoni tulikuwa tunapoteza rekodi nyingi sana nikabadilisha tukawa tunaanza baada tu ya kunyonya zikapungua. Hakuna aliyeniambia nifanye vile. Nimeandika imeili mistari sita, nimeomba niandike hiyo kama pepa ya mbinu mimi nikiwa mwandishi wa kwanza, nimeituma saa nne hii. Arusha wananisubiri mpaka Ijumaa.

Kalamu Nyekundu
Safi sana. Akikuita ofisini nenda, ila ukitoka tu mwandikie mlichokubaliana ili kibaki kwenye imeili. Na hao wa Arusha usiwajibu kabla ya Alhamisi. Hilo daftari lipige picha leo leo kurasa zote, na usimuazime mtu.