Mwaka wa tatu shahada ya filamu hapa Unguja na hakuna idara inayokubali kwamba sisi ni wanafunzi wake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika nina hasira na sitoificha. Leo asubuhi nimetoka ofisi ya nne ndani ya siku mbili, natafuta saini moja tu, ya mtu atakayekubali kusimamia filamu yangu ya kumalizia shahada. Kote naambiwa maneno yale yale: "Wewe si wetu, nenda kwa wenzako." Wenzangu ni nani? Tuko kumi na mmoja darasani na sote kumi na mmoja tunafukuzwa kwa kauli hiyo hiyo.

Kwa msiojua, chuo chetu (jina sitolitaja, wenyewe mtakijua) kilitoa waraka kutangaza shahada ya filamu isiyokaa kwenye idara moja. Historia tusome kwa walimu wa historia, fasihi kwa watu wa Kiswahili, kisha muziki, sheria ya hakimiliki, na kamera na sauti kwa watu wa teknolojia. Wakati huo nilikuwa kwetu Wete, nimemaliza kidato cha sita, na ule waraka nilimsomea baba kwa sauti pale barazani mpaka mwisho. Niliupenda kila neno. Naupenda mpaka leo, na ndiyo maana naumia namna hii.

Nikuelezeni filamu yenyewe mpate kuona. Inahusu jumba la senema la Majestic, pale Vuga. Hapo pamekuwa na jumba la maonyesho tangu 1921, likaungua 1954, hili lililopo likafunguliwa 1955. Mie sikutaka kuhadithia kuta. Nilitaka watu waliokuwa wakiingia, hasa wanawake, kwani zamani yalikuwepo maonyesho ya wanawake peke yao, na picha za Kihindi ndizo zilizokuwa zikiwajaza ukumbini. Shangazi yangu ana jirani yake Kikwajuni, bi mkubwa aliyekuwa haachi hata moja. Akanipokea, akanikalisha kwenye mkeka, akanisimulia walivyokuwa wakishona nguo mpya kwa ajili ya senema. Katikati ya maneno akaanza kuimba. Sauti ya wimbo wa picha ya Kihindi, maneno ya Kiswahili, mkono unapiga paja kidogo kidogo. Nilikuwa nimeshika kamera na mwili unanisisimka.

Dakika arubaini nilirekodi. Nikafika dakhalia, nikafungua kompyuta, picha yote inapepesa. Mistari ya giza inampanda usoni kuanzia kidevuni hadi kwenye paji la uso, haisiti hata kidogo.

Nani alinambia sababu? Fundi redio wa Darajani. Aliniuliza swali moja tu, kamera imepangwa kwa umeme wa hezi ngapi, yaani umeme unaokwenda na kurudi mara ngapi kwa sekunde. Kamera ya chuo ilikuwa kwenye fremu (picha) 30 kwa sekunde na shata, ule muda wa kuingiza mwanga kwa kila picha, 1/60 ya sekunde, mpango wa nchi zenye umeme wa hezi 60 kama Marekani. Umeme wetu ni hezi 50, taa ya tyubu inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde, basi kamera na taa haziendi pamoja. Ukiweka shata 1/50 au 1/100 tatizo linaondoka. Ni kazi ya nusu dakika! Somo la mwanga na umeme lilikuwemo kwenye waraka, muhula wa pili wa mwaka wa kwanza. Mwalimu hakutokea hata siku moja kwa sababu idara yake ilisema haina saa za kutupa sisi. Mwisho wa muhula alama tukapewa, sote sawasawa. Alama za somo ambalo hatukulisoma.

Nilirudi Kikwajuni wiki ya pili. Bi mkubwa alikuwa ametoka kwenye homa, sauti imekauka. Alinisimulia tena kwa hisani yake, lakini ule wimbo hakuuimba. Sikuthubutu kumuomba.

Sasa filamu ninayo, pungufu hivyo hivyo, na nataka msimamizi. Maalim wa historia kaniambia anasimamia maandishi, nimpelekee kurasa sitini, na hizo picha nitie mwisho kama kiambatisho. Idara ya Kiswahili wako tayari kuyaangalia maneno ya wimbo, sauti yake wanasema haiwahusu. Jamani, taarabu ngapi zimechukua sauti za picha za Kihindi? Utauelezaje wimbo ule kwa kuyaacha maneno upande mmoja na sauti upande wa pili? Watu wa teknolojia wamesema wao hawasimamii hadithi. Wa nne hakunikaribisha hata kiti. Kasema filamu ni ufundi wa kubonyeza kitufe, si elimu ya chuo kikuu.

Hilo la kitufe limenikaa rohoni. Moscow wana chuo cha filamu tangu 1919. Huko huko Urusi, mwongozaji filamu Kuleshov alichukua uso mmoja wa mwigizaji, uso ule ule, akauunganisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza, na watazamaji wakaona njaa, wakaona huzuni, na uso haukubadilika. Hiyo ni elimu ya nafsi ya binadamu. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mwandishi wa riwaya mwenye jina lake tayari, na bado mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikwenda Moscow kusomea filamu, kwa sababu watu aliowaandikia wengi hawakujua kusoma. Na kwa nini niende mbali? *Vuta N'kuvute*, riwaya ya Shafi Adam Shafi, imekuwa filamu na ikaonyeshwa tamasha la Toronto 2021. Kuirudisha Unguja ya miaka ya 1950 kwenye picha kunataka mtu ajue siasa za wakati ule, mavazi, lahaja, muziki, na taa pia. Idara moja haina yote hayo. Ndiyo sababu ya kuwepo shahada hii!

Na mahali penyewe ni hapa. ZIFF, tamasha letu la filamu, inajaza watu Ngome Kongwe tangu 1998. Wageni wanakuja kutengeneza filamu zao Mji Mkongwe kila siku. Mwaka jana nami nilipata kibarua kwao, siku tatu nikibeba nyaya na stendi za taa, na msichana aliyekuwa akiniamrisha alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili huko kwao. Anajua kupima mwanga, anajua kusoma mkataba. Ni mdogo kuliko mie.

Tarehe ya mwisho ya kupeleka jina la msimamizi ni Ijumaa ijayo. Asiye na saini anarudishwa mwaka mzima na ada analipa upya. Ada yangu ni karafuu za baba, na msimu uliopita haukuwa mzuri. Sijamwambia bado.

Tumekubaliana sote kumi na mmoja kwenda kwa mkuu wa kitivo Jumatatu saa mbili asubuhi. Tunataka mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya shahada hii, atakayejibu simu, na filamu ikubaliwe kuwa ndiyo kazi ya kumalizia kama ilivyoandikwa. Wenzetu mliotutangulia, kama mko humu, semeni nani aliwatilia saini na mlipita mlango gani.

Na jengine muhimu zaidi. Ule waraka wa kwanza umeondolewa mtandaoni. Mie katika simu yangu ninazo kurasa tatu. Ya nne, ile yenye jedwali la idara gani inafundisha somo gani na nani anasimamia, sinayo. Aliyenayo tafadhali aipige picha aiweke hapa kabla ya Jumapili usiku.